Frere Town ya Kisauni: shule, kanisa na kengele yake. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Frere Town ilianza kama kijiji cha misheni cha watu waliofunguliwa utumwani. Maswali haya huletwa na wanafunzi waliotumwa na walimu wao, na wageni wanaoteremka matatu Kengeleni wakaikuta kengele kando ya njia, na zaidi ya wote na wajukuu wa watu wa hapa hapa, ambao wazee wao walijua mengi wakasema machache. Penye maneno tumejibu kwa kirefu, pasipo na maneno tumekata.

Frere Town iko wapi hasa?

Iko bara ya kaskazini, ng'ambo ya Mji wa Kale wa Mombasa. Ukivuka daraja la Nyali ukashika barabara ya Malindi, utafika Kengeleni, na hapo umeshafika. Kiserikali ni wadi katika eneo bunge la Nyali, lililokatwa kutoka Kisauni kabla ya uchaguzi wa 2013. Mzee akikwambia yeye ni mtu wa Kisauni usimsahihishe. Misheni ilipokuja, hilo ndilo jina ililolikuta.

Mnaiita kijiji, mbona ni mji mtupu?

Leo ni mji. Zamani ilikuwa mashamba, minazi na miembe, na anayetaka kwenda Mombasa alishuka pwani akatafuta chombo cha kumvusha. Daraja la kwanza la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931. Lilikuwa daraja la kuelea, la kampuni binafsi, na kila avukaye alilipa ushuru. Ushuru huo ulizua kesi iliyofika hadi mahakama ya rufani ya London katika miaka ya 1950, na wanafunzi wa sheria wa Kenya wanaisoma mpaka leo. Daraja la sasa ni la 1980. Kwa hiyo kwa zaidi ya nusu karne watu wa Frere Town waliishi shamba kabisa, wakiuona mji ng'ambo ya maji, na mengi ya shule na kanisa lao hayaeleweki ukilisahau hilo.

Nani aliianzisha?

Vitabu vya shule vina jibu moja. Mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwa Sultani Barghash wa Unguja ili biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikomeshwe. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Likabaki swali ambalo mkataba haukulijibu: watu wanaokamatwa na manowari ndani ya majahazi wakifunguliwa, wapelekwe wapi? Kwao ni mbali, njia imejaa hatari, na wengine walichukuliwa wadogo hata jina la kijiji hawalikumbuki. Frere akapendekeza yafanywe makazi pwani hii. Chama cha misheni cha Kianglikana, CMS, kikamtuma Mchungaji William Salter Price, akafika mwishoni mwa 1874, na mwaka 1875 ardhi ya Kisauni ikanunuliwa.

Hilo ni jibu la nani alilipa na nani alitia sahihi. Nani alifyeka, nani alichoma chokaa, nani alisimama mbele ya watoto na ubao, hilo lina jibu jingine, nalo tunalijibu hapa chini kwenye swali la Wabombay.

Frere mwenyewe aliishi hapa?

La. Alizuru pwani hii mwaka 1873, akaenda zake. Baadaye alikuwa gavana wa Cape, na ni yeye aliyesukuma vita dhidi ya Wazulu mwaka 1879. Mtu mmoja, mambo mawili ya kukumbukwa kwayo. Sisi jina tumeshalizoea na hatudai libadilishwe, ila mtoto wa hapa ana haki ya kuyajua yote mawili.

Wabombay ni akina nani? Ni Wahindi?

Si Wahindi. Ni Waafrika, na kwa maoni yetu bila wao hakuna shule ya kuandikiwa historia.

Kabla ya mkataba wa 1873 manowari za Kiingereza zilikuwa zimekwisha kukamata majahazi mengi baharini, na watoto waliokutwa ndani wakapelekwa Bombay. Baadhi yao walilelewa na misheni huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, mahali palipoanzishwa mwaka 1854. Wakasoma Kiingereza na lugha za Kihindi, wakajifunza useremala na uhunzi, wakabatizwa. Price alikuwa mkuu wa mahali hapo kabla ya kuja kwetu, na ndiyo sababu alichaguliwa yeye.

Watatu walitangulia mwaka 1864 kuja kumsaidia mmisionari Rebmann kwenye kituo cha misheni cha Rabai: William Jones, Ishmael Semler na George David, pamoja na wake zao. Frere Town ilipoanza, wakaletwa wengine wapatao 150. Tazama hali yao. Wamezaliwa Afrika, wamekulia India, na hapa pwani hawana ukoo. Wanajua kusoma kuliko wengi waliowazunguka, na wamevaa suruali na gauni mahali ambapo watu wanavaa kikoi, kanzu na leso. Wamisionari waliwategemea kwa kila kazi, ila waliona tabu kuwakubali kama wenzao. Wenyeji nao hawakujua wawaweke fungu gani.

Ndio waliokuwa walimu, makatibu, maseremala na wakalimani wa kijiji. Mwaka 1885 Askofu James Hannington, aliyefanya Frere Town makao yake, aliwapa Jones na Semler daraja ya ushemasi. Mwaka huo huo Jones alifuatana naye safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliosalia mpaka Rabai, mwanzoni mwa 1886, wakitanguliwa na bendera ya msiba. Ukienda kanisa kuu la Mombasa, lililofunguliwa mwaka 1905, utalikuta jina la Hannington katika ukumbusho. Jina la Jones huna budi kulitafuta.

Waliofunguliwa walikuja lini, na walitoka wapi?

Kundi kubwa la kwanza liliteremshwa Septemba 1875 na manowari iitwayo Thetis, zaidi ya watu 200 kwa mpigo. Wengi walitoka kusini: Wayao, Wanyasa, Wamakua na jirani zao, waliotekwa upande wa Ziwa Nyasa na nchi ambazo leo ni Malawi, Msumbiji na kusini mwa Tanzania. Pwani waliitwa mateka. Wakubwa walipewa mahali pa kujenga na kipande cha kulima, watoto wakapelekwa shule.

Usiwachanganye na watoro. Mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake hapa hapa pwani, wa Mombasa, wa Takaungu, wa mashamba ya Malindi. Mateka alikuwa na karatasi ya uhuru, mtoro hakuwa nayo. Kumhifadhi mtoro ilikuwa ugomvi na wenye watumwa, na watoro wengi walikimbilia Rabai. Ugomvi ulipokaribia kuwa vita, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alikubaliana na mabwana walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai, walipewa karatasi zao za uhuru. Gharama ilikuwa kama pauni 3,500. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka 1907, kwa hiyo mtoto aliyeingia shule Frere Town mwaka 1875 alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku sheria ilipofika.

Shuleni walifundishwa nini?

Kusoma, kuandika, hesabu, Biblia na nyimbo, na baada ya hapo kazi za mikono. Wavulana walipewa useremala, uhunzi, uashi na kilimo. Wasichana walifundishwa kushona, kufua na kazi za nyumba. Walilala mabwenini, wavulana kwao na wasichana kwao. Unaweza kusema hiyo ilikuwa elimu ya kuwafanya wafanyakazi wa watu wengine, na hutakuwa umekosea. Lakini elimu ile ile iliwatoa makarani, wakalimani na walimu waliotangulia karibu kila mahali misheni na serikali zilipofika baadaye.

La lugha linafaa kutajwa. Watoto wa Kiyao, wa Kimakua, wa Kinyasa na wa Kibombay walikutana darasa moja, na lugha iliyowakutanisha ni Kiswahili. Kilikuwa Kimvita, cha watu wa Mombasa, hicho hicho ambacho mmisionari W. E. Taylor alikisoma kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Mtoto wa mateka aliyezaliwa Frere Town hakuwa na lugha nyingine ya mama. Waliokuwa wakibishana kama watu hawa ni Waswahili au si Waswahili walibishana kwa Kiswahili, na watu wenyewe wakawajibu kwa Kiswahili.

Kulikuwa na ukumbi wa jamii?

Ukisema ukumbi kwa maana ya leo, kama ule wa Tononoka, unaokodiwa kwa harusi na mikutano, usiutafute. Katika vijiji vya misheni vya wakati ule jengo la shule halikuwa la watoto pekee. Siku za juma ni darasa, Jumapili ni mahali pa sala, na likitokea neno la kijiji kizima watu hukutana humo humo, au nje yake chini ya mti. Baadaye kanisa la Emmanuel likajengwa, na sala zikapata nyumba yake. Ndiyo maana historia ya shule, ya kanisa na ya baraza la kijiji haziwezi kutenganishwa hapa. Anayekuuliza ukumbi ulikuwa wapi, mwonyeshe shule.

Ni kweli kengele ilipigwa wateka watumwa wakija?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mgeni, na waongoza watalii wamelipamba vya kutosha. Hofu ilikuwa ya kweli. Kijiji kilizungukwa na watu waliokuwa na hasara kwa kuwepo kwake, na mwaka 1880 hasira za wenye watumwa wa Mombasa zilipanda hata ikahofiwa watavuka kuja kukishambulia. Kengele inayosikika shamba zima ina kazi siku kama hizo.

Lakini siku kama hizo zilikuwa chache, na kengele ililia kila siku. Iliamsha watu, ikawapeleka kazini, ikawaita watoto darasani na watu wazima kanisani. Kijiji cha misheni kiliishi kwa saa, na wengi wa mateka hawakuwa wamewahi kuishi hivyo. Tunafikiri mzee wa 1890 ungemuuliza kuhusu kengele, angekutajia kwanza usumbufu wa alfajiri kuliko wateka watumwa. Mtaa uliota jina la Kengeleni kwa sababu yake, na makondakta wa matatu wanalitangaza bure kutwa.

Tumesikia watu walichapwa viboko na misheni yenyewe. Ni uzushi?

Si uzushi. Price alipoondoka, usimamizi ulishikwa na mlei, J. R. Streeter, na kijiji kikaendeshwa kwa adhabu: viboko na kufungiwa. Wabombay walilalamika kwa maandishi, maana kuandika walijua. Habari zikafika kwa balozi wa Kiingereza Unguja, uchunguzi ukafanywa, Streeter akaondoka, na Price akarudishwa mwaka 1881 kutengeneza yaliyoharibika.

Wako wanaotuambia habari hii ifichwe kwa heshima ya kanisa. Hatuoni hivyo. Watu waliotoka utumwani walikataa kuchapwa na wafadhili wao, wakakaa chini wakaandika barua, na barua zikamwondoa mkubwa. Kama kuna ukurasa wa historia ya shule hii unaofaa kusomwa mbele ya wanafunzi, ni huo.

Rabai na Frere Town, ipi ya kwanza?

Rabai, kwa mbali. Mmisionari Krapf wa CMS alifika Mombasa mwaka 1844, akafiwa na mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, nao wamezikwa upande huu wa Nyali. Mwaka 1846 yeye na Rebmann wakahamia Rabai. Frere Town ni mdogo wake kwa miaka 29. Rabai leo iko Kaunti ya Kilifi na ina makumbusho yake. Ukiwa na siku mbili, moja uitoe huko.

Watu gani wanaojulikana walitoka au walipitia hapa?

Wawili walitokana na safari ya mwisho ya mpelelezi David Livingstone, aliyefia bara. Jacob Wainwright, mwanafunzi wa Nasik, alifuatana na maiti yake mpaka Uingereza na alikuwepo maziko yalipofanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Baada ya hapo alirejea Afrika akafanya kazi na CMS. Matthew Wellington, aliyekuwa miongoni mwa waliobeba maiti kutoka bara hadi pwani, aliishi Mombasa mpaka uzeeni na akafa mwaka 1935.

Kisha ukoo wa Mbotela. James Mbotela, mwana wa mateka wa Kiyao, aliandika habari za utumwa na za kijiji hiki katika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, na ukitaka sauti ya ndani anza na hicho. Kisome ukijua aliyekiandika ni mtoto wa misheni na ana deni la shukrani, hivyo viboko havionekani sana. Wa ukoo huo alikuwa pia Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha siasa cha Kenya African Union (KAU), aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Na Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyewauliza Wakenya kila juma "Je, huu ni ungwana?" kwa miongo mingi, alikulia hapa. Alifariki Februari 2025.

Chuo Kikuu cha St. Paul's kilianza hapa?

Ndiyo. Kilianza kama chuo cha wachungaji Frere Town mwaka 1903, kikahamishiwa Limuru mwaka 1930, na kikawa chuo kikuu mwaka 2007.

Kwa nini shule ikapoteza umaarufu?

Sababu kubwa ni reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Victoria. Misheni ikapanda nayo, vituo vikafunguliwa Kabete na kwingineko bara, na fedha na wamisionari wakafuata huko. Walimu wa Frere Town wakafuata pia, au wakachukuliwa na serikali, reli na posta, zilizolipa vizuri zaidi. Sababu ya pili ni njema: majahazi ya watumwa yalikoma, kwa hiyo mateka wapya wakakoma. Shule ikabaki ya watoto wa wakazi na jirani zao kama shule nyingine yoyote. Chuo kilipohamia Limuru, kijiji kikabaki na kanisa, kengele, na watu.

Ardhi ni ya nani?

Ilinunuliwa kwa jina la misheni. Waliojenga na kulima walipewa mahali, hawakupewa hati, na malalamiko mengi ya miaka ya baadaye yana mzizi hapo. Ukurasa huu hauamui kesi ya mtu. Mwenye dai aende ofisi ya ardhi, akiwa na kila karatasi aliyonayo, hata risiti ya kodi ya babu yake.

Nyanya yangu alizaliwa Frere Town. Nianzie wapi kumtafuta?

Anzia kabatini. Cheti cha ubatizo, cha ndoa, picha ya darasa, Biblia yenye majina kwenye jalada la ndani, kipande cha mkataba wa kazi. Vipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu mchwa na unyevu wa pwani havisubiri.

Kisha wazee. Usiwaulize "mwaka gani", utapata mwaka wowote. Uliza "nani alikuwa mwalimu wako", "mlivuka kwa mashua au kwa daraja", "lilikuwa daraja lipi". Aliyevuka kwa mashua kwenda sokoni akiwa mtoto alizaliwa kabla ya 1931 au karibu yake, aliyelipa ushuru darajani ni wa baadaye. Vita, uhuru wa 1963 na daraja la 1980 ni vigingi vizuri vya kufungia kamba. Rekodi kwa simu, ukiomba ruhusa kwanza, na usimkatize mzee anapotoka nje ya swali, maana huko ndiko kuliko na habari. Na kama kuna jambo la utumwa hataki kulisema, liache. Kuna familia zilizojificha nyuma ya kabila la jirani kwa vizazi viwili ili watoto wasichekwe, na si kazi yako kuwafichua mbele ya mashemeji.

Baada ya hapo daftari za kanisa: ubatizo, ndoa, maziko. Kumbuka majina yalibadilishwa wakati wa ubatizo. Mtu aliyeingia akiitwa kwa Kiyao alitoka na jina la Biblia, au la mfadhili wa Uingereza, kwa hiyo jina la Kizungu lisikudanganye. Mahali palipoandikwa jina la zamani pembeni, nakili herufi kwa herufi kama lilivyo, hata kama unaona karani amekosea.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, Nyaraka za Taifa ziko Nairobi, na barua za wamisionari wa CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Fort Jesus nako, makumbusho tangu 1960, kuna watu wanaojua historia ya pwani. Barua za misheni zina majina mengi ya watu wa hapa, ila yametajwa yanapomhusu mzungu: aliugua, alitoroka, alikataa kazi. Zisome kinyume. Aliyeandikwa "mkaidi" huenda ndiye babu yako aliyepeleka malalamiko.

Tunataka kuleta wanafunzi. Tufanyeje?

Kengele iko hadharani, haina kiingilio. Kanisa ni nyumba ya ibada, kwa hiyo mzungumze na ofisi ya parokia kabla, na msije Jumapili asubuhi mkiwa na kamera. Njooni mapema kabla jua halijakaza na kabla foleni ya Kongowea haijashika. Mkiwa wengi mteremke upande wa kengele badala ya kuvuka barabara, kwani madereva pale hawasimami kwa ajili ya historia. Mwalimu awape wanafunzi swali moja kila mmoja, si karatasi nzima, na wawili watatu watumwe kwa wazee wa mtaa badala ya wote kubanana kwenye kengele kupiga picha ile ile.